Insulini si ufunguo

Juzi tena, barazani Mji Mkongwe, bibi mmoja kaniambia: "Mwanangu, sukari yangu haishuki, ufunguo wangu umeingia kutu." Bi mkubwa hana kosa. Kosa ni letu sisi tunaofundisha kuwa insulini ni ufunguo unaofungua mlango wa seli.

Haifungui kitu. Milango yenyewe, protini za kupitisha sukari ziitwazo GLUT4, kabla ya chakula mingi haipo hata ukutani. Imo ndani, imepachikwa kwenye vifuko vidogo. Hili limejulikana tangu 1980, kwa watafiti wa makundi mawili: Cushman na Wardzala kwao, Suzuki na Kono kwao, wote kwa seli za mafuta za panya, zile ambazo ukizitenga huelea juu kama tui zito. Insulini ikinasa kwenye kipokezi chake juu ya seli, vifuko huja kuungana na utando, milango ikatokea nje. Glukosi hupita yenyewe, palipo nyingi kwenda palipo chache.

Sasa linaloniudhi hasa. Mwanafunzi akichora Akt, protini inayopeleka ujumbe wa insulini ndani ya seli, huibandika kwenye utando kwa gundi, mpaka Kiyama. Jamani, Akt huogelea! PI3K, kimeng'enya kinachoamshwa na kipokezi, ikigeuza PIP2, mafuta ya utando, kuwa PIP3, upande wa ndani wa utando hupata kitu cha kushikika, na Akt ina kipande chake, domeni ya PH, kinachokitambua. Inanasa. PDK1, kimeng'enya kingine, nayo imenaswa na PIP3 hiyo hiyo, kwa hiyo zinajikuta ubavu kwa ubavu, na Akt inabandikwa fosfeti ya kuiamsha. Fosfeti ya pili huletwa na kimeng'enya mTORC2. Utando hapa ni kama baraza: wasiokutana ndani wanakutana hapo. Kisha Akt huachia, ikaenda kuizima AS160, breki ya Rab10, protini inayosukuma vifuko kwenda utandoni. Mwishoni protini VAMP2 ya kifuko inasokotana na sintaksini 4 na SNAP23 za utando, basi. Kimeng'enya PTEN nacho kinafuta PIP3. Ukiichora Akt imeganda, nani atazima kazi insulini ikishaondoka?

Na usugu wa insulini, seli zinapopuuza ujumbe wake? Zamani nilikuwa najibu haraka: Akt imeshindwa kunasa. Siku hizi nasitasita. Zipo seli sugu ambazo Akt yake inaonekana nzima, na GLUT4 bado haitoki. Tena sukari nyingi hubebwa na misuli, mafuta huchukua kidogo tu. Lakini panya walioondolewa GLUT4 kwenye mafuta peke yake, utafiti wa 2001, misuli na ini lao pia vilipuuza insulini. Mafuta yanapeleka habari gani? RBP4, protini ambayo mafuta huitoa damuni, ilitajwa sana. Mimi haijanitosha.

Bibi nilimwambia milango yake imo ghalani na makuli wamegoma. Akacheka, babake alikuwamo kwenye mgomo wa bandari wa 1948.

"Sasa makuli wangu wanataka nini?"

Nikamwambia aanze na kutembea mpaka Forodhani na kurudi, kila jioni: misuli ikifanya kazi huitoa milango yake bila kumngoja insulini.

"Na goti langu?"

Tukaanza mazungumzo mengine.