Sahani Imejaa, Mtoto Amedumaa: Dhana Potofu Kuhusu Lishe na Chakula cha Shuleni

Wengi wetu tunaamini kwamba utapiamlo ni shida ya maeneo yenye njaa, na kwamba penye mavuno mengi watoto hawana wasiwasi. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionesha kuwa kati ya watoto walio chini ya miaka 5, takriban asilimia 57 mkoani Iringa na asilimia 50 katika mikoa ya Njombe na Rukwa walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mikoa hiyo ni miongoni mwa ile inayotegemewa kuilisha nchi kwa mahindi. Mtoto anayekula ugali wa sembe mchana na usiku hushiba, lakini protini ya mahindi peke yake haijitoshelezi bila maharage, dagaa au maziwa, na kukoboa huondoa sehemu kubwa ya vitamini na madini. Tena msimu wa kilimo mama hushinda shambani, na mdogo aliyeachiwa dada yake hula mara mbili tu kwa siku, ilhali mtoto wa mwaka mmoja anahitaji milo mitatu au minne.

Husemwa pia kwamba mtoto ni mfupi kwa sababu ukoo wao ni wafupi. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa viwango vyake vya ukuaji vya mwaka 2006, lilipima watoto waliolelewa katika mazingira mazuri nchini Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na ikaonekana kuwa hadi umri wa miaka 5 walikua kwa namna inayofanana sana. Kurithi kimo kupo, lakini hakuelezi kwa nini nusu ya watoto wa mkoa mzima wadumae.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya uji wa lishe, kwa sababu mama anaujaza nafaka sita au saba pamoja na karanga na soya kwa mapenzi ya dhati, akiamini kuwa wingi wa vitu ndio ubora. Nafaka zote hizo hufanya kazi ileile ya kutia nguvu, na kadiri mchanganyiko unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyokuwa vigumu kujua kipi kilikauka vizuri na kipi kilivunda. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kisha uji wenyewe hupikwa mwepesi ili unyweke kwa kikombe, wakati tumbo la mtoto wa miezi 7 hubeba takriban mililita 200 tu, na zikijaa maji hakuna nafasi iliyobaki. Tumia nafaka moja safi, pika uji mzito unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika, kisha ongeza maziwa, mafuta kidogo, au dagaa waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga wote, wakakaushwa na kusagwa laini.

Wapo wanaodhani kwamba chakula cha shuleni kitafuta udumavu. Udumavu hujengeka hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka 2, yaani miaka kadhaa kabla hajavaa sare. Hata hivyo, mlo wa shuleni una kazi yake: mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kunywa chai hawezi kufuatilia hesabu saa tano asubuhi. Kande zenye maharage ya kutosha, mafuta na mchicha humsaidia. Ila mara nyingi, fedha zinapopungua, maharage ndiyo hupunguzwa kwanza na mahindi hubaki.

Mwisho ni imani kwamba elimu bila malipo, iliyoanza Tanzania mwaka 2016, ilimwondolea mzazi jukumu la chakula. Katika shule nyingi za kutwa mlo wa mchana umeendelea kutegemea michango ya wazazi, na ni kosa kubwa kumsimamisha pembeni mtoto ambaye mzazi wake hajachanga, awatazame wenzake wakila. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 unamtaka mzazi alipe shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Halmashauri zetu zinaweza kuanza na hesabu kama hiyo kabla ya mwaka mpya wa masomo.