HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi: inavyoondoa breki za seli, na kwa nini usingoje damu

Seli inajuaje wakati wa kugawanyika na wa kusimama?
Kwa kuvunja protini kwa wakati wake. Protini inayotakiwa kuondoka hubandikwa mnyororo wa protini ndogo ziitwazo yubikwitini, kisha husagwa na proteasomu, kinu cha seli. Saiklini B, kwa mfano, huisukuma seli igawanyike, na isipovunjwa mgawanyiko haukamiliki.

HPV inaingiaje hapo?
Kwa kukiiba kinu hicho. Seli ina mlinzi, protini p53: DNA (maelekezo ya urithi ya seli) ikiharibika, huzuia mgawanyiko au huiua seli. Protini E6 ya HPV, hasa ya aina ya 16 na 18, hushika kimeng'enya cha seli yenyewe, E6AP, na kukifanya kibandike p53 yubikwitini. Mlinzi anasagwa. Protini E7 nayo huondoa breki nyingine, Rb. Kwa wengi kinga ya mwili hukishinda kirusi ndani ya miaka 2. Kikibaki, seli mbovu zinaendelea kugawanyika.

Sina maumivu wala damu. Nipime ya nini?
Pima kwa sababu huna. Mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi hayaumi, hayatoi damu, hayanuki. Kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Kipindi hicho ndicho tunachotibu kwa dakika chache. Anayengoja dalili anakipoteza chote.

Natoka damu baada ya tendo la ndoa. Nimepewa dawa ya fangasi mara tatu.
Mara tatu, na hakuna aliyekuangalia kwa spekula, kifaa cha kufungua uke ili mlango wa kizazi uonekane? Usinunue ya nne. Fangasi huleta muwasho na uchafu mzito mweupe. Damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi, damu baada ya hedhi kukoma: nenda ukachunguzwe wiki hii. Hedhi iliyokoma mwaka mzima "hairudi", mama. Na tafadhali acheni shabu, ugoro na sabuni ukeni: vinachubua ngozi, kirusi kimo ndani ya seli.

Kipimo kikoje?
Cha HPV ni kijiti cha pamba, na sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe. Kisipokuwepo, mlango wa kizazi hupakwa asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nguvu ya siki, na kuangaliwa baada ya dakika 1. Doa jeupe lenye mipaka likionekana, mara nyingi linachomwa siku hiyohiyo kwa tiba joto, takriban nyuzi 100. Kisha usikutane na mume kwa wiki 4; wengi wanavunja sharti hili, na kidonda kinatoka damu. Anza kupima ukiwa na miaka 30. Mwenye VVU, 25.

Binti yangu amechanjwa, yamekwisha?
Chanjo (Tanzania ni dozi 1, miaka 9 hadi 14) huzuia kirusi kuingia, hasa aina hatari zaidi. Akifika umri, naye apime.

Nimeacha tendo la ndoa miaka mingi.
Kirusi ulichopata ukiwa na miaka 25 kinaweza kuwa kinasaga p53 mpaka leo. Njoo upime.