Sumukuvu: sumu inayobaki ukungu ukishaondoka

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine. Sumu hiyo si ukungu wenyewe, na hapo ndipo wengi tunapochanganya. Mahindi yakiota ukungu, mtu anayaosha, anayaanika upya, yanang'aa, yanakwenda mashineni. Ukungu hauonekani tena, lakini sumu bado imo, na moto wa kupikia ugali au kande hauimalizi.

Sumukuvu ni za aina nyingi. Inayotajwa zaidi ni aflatoksini, iliyogunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Jina lake limetokana na kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huharibu ini na hata kuua, kama ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Huku Nyanda za Juu Kusini utasikia kwamba baridi yetu ni kinga. Si kweli. Kuvu wa aflatoksini hupenda joto, sawa, lakini kuvu wa jamii ya Fusarium huyaingia mahindi yakiwa bado shambani na huvumilia ubaridi. Hao hutoa sumu nyingine, fumonisini. Tena Rungwe, ambako mvua haikatiki, kukausha ni kazi kwelikweli.

Sokoni neno hili ni suala la pesa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) za aflatoksini kwa kilo ya mahindi, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo.

Kukoboa hupunguza sumu, maana nyingi huondoka na pumba. Ila pumba hizo tunampa ng'ombe, na sehemu ya sumu inarudi kwenye maziwa.

Kinga ni kukausha: anika juu ya turubai, si udongoni, na chambua punje zilizovunjika. Kupima, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi inatakiwa 13.5, kwa hiyo yaongezee jua kabla ya kufunga magunia.