Protini si nyama na maharage tu

Muulize mtoto wa shule ya msingi hapa Dodoma protini ni nini, atakujibu bila kupepesa: "Nyama, maziwa, mayai na maharage. Vyakula vya kujenga mwili." Hajakosea, ila jibu hilo limetufunga wengi mpaka utu uzima. Tunaiona protini kama tofali: inaingia, inapangwa, basi. Mimi nafundisha baiolojia, na siku ya kuanza mada hii sianzi ubaoni. Naingia darasani na kimea.

Ni kimea cha ulezi cha Soko la Majengo, kilekile wanachonunua wapika pombe. Tunapika uji mzito hasa, tunauacha upoe mpaka kidole kivumilie, kisha tunaugawa kwenye mabakuli mawili. La kwanza natia kijiko cha unga wa kimea. La pili natia kiasi hichohicho, lakini cha kimea kilichokwisha kuchemshwa. Baada ya dakika chache uji wa bakuli la kwanza unamiminika. Wa pili umeganda palepale. Aliyefanya kazi hapo ni amilesi, kimeng'enya ambacho mbegu hukitengeneza inapochipua, na kazi yake ni kukatakata wanga uwe sukari. Vimeng'enya karibu vyote ni protini. Kumbe protini ni fundi pia, si tofali peke yake. (Mama anayelainisha uji wa mtoto kwa njia hii aurudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumlisha.)

Sasa, kwa nini kimea kilichochemshwa hakikufanya kitu? Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo ziko za aina 20, zikiwa zimefuatana kwa mpangilio maalumu kama shanga. Mnyororo huo haukai umenyooka. Sehemu nyingine hujisokota, nyingine hujipangapanga mikunjo kama bati la kuezekea, kisha wote hujikunja kuwa donge lenye umbo lake. Donge la amilesi lina kijibonde ambamo wanga huingia na kukatwa. Joto kali likilikunjua, kijibonde kinapotea na kazi inakoma.

Hapo ndipo wengine wanaposema kwamba kupika kunaua protini, kwa hiyo yai bichi ndilo lenye nguvu. Sivyo. Kilichoharibika ni umbo. Mnyororo wenyewe haukatiki kwa kuchemsha yai. Na tumbo halina haja na umbo, linataka asidi amino, na mnyororo uliokunjuka ni rahisi kuukata. Mtama wetu ndio una tabia yake. Protini zake kuu, kafirini, zikipikwa kwa maji hushikamana na kuwa ngumu zaidi kumeng'enywa. Kuuchachusha unga kwanza kunasaidia, na hiyo ni sifa mojawapo ya uji mchachu.

Kwenye vibanda vya supu asubuhi nasikia kwamba ukinywa makongoro, ule utelezi unakwenda moja kwa moja magotini. Supu hiyo naipenda na sitaki mtu aiache. Ni kweli kongoro lina kolajeni nyingi, protini ya minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba, ndiyo maana supu ikilala inaganda. Lakini ikifika tumboni na kwenye utumbo hukatwa kuwa asidi amino na vipande vidogo, na mwili huvipeleka unakovihitaji. Ndiyo sababu pia insulini huchomwa sindano. Nayo ni protini, ya asidi amino 51, na ikimezwa kama chakula humeng'enywa. Ndiyo protini ya kwanza ambayo mpangilio wake ulijulikana wote, kazi iliyompatia Frederick Sanger Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Wapo pia wanaosema protini ya mimea haijakamilika, yaani ina upungufu wa baadhi ya asidi amino: uwele na mtama vina laisini, mojawapo ya asidi amino hizo, kidogo, kunde na njugu mawe zinayo. Kula vyote ndani ya siku, inatosha.

Dhana inayoniuma ni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama mmoja alinifuata baada ya kikao cha wazazi. "Mwalimu, ndugu wa mume wangu wanasema mtoto anaumwa kwa sababu sikumlisha vizuri." Nilichukua daftari nikamchorea hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, minyororo minne iliyoshikana: miwili alfa, miwili beta. Kila beta ina asidi amino 146. Kwenye selimundu, ya 6 imebadilika, valini imekaa mahali pa asidi glutamiki. Shanga moja. Hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikana kuwa nyuzi ndefu, chembe nyekundu inapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Hakuna chakula kinachoibadilisha shanga ile, na mtoto huyu aliirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Akaniomba nimchanie ile karatasi. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, akasema anakwenda kumwonyesha mumewe.