Jaji wa shirikisho Marekani ni nani, na kwa nini hana umri wa kustaafu

Jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho ndiye anayesikiliza kesi za sheria za taifa la Marekani zinapoanza. Mashahidi hutoa ushahidi mbele yake, vielelezo hupokelewa kwake, na kwa kawaida huamua peke yake au pamoja na baraza la raia wa kawaida wanaoamua ukweli wa kesi (jury). Wilaya hizo za kimahakama ziko 94. Kwa hadhi, anakaribiana zaidi na jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya au Tanzania kuliko hakimu wa wilaya.

Rais humteua, Seneti humthibitisha. Akishaapa, hana muhula wala umri wa lazima wa kustaafu, na Katiba inakataza mshahara wake usipunguzwe. Jaji wa Kenya hustaafu akifika miaka 70. Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa na Rais Kennedy mwaka 1962, alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 104, bado ni jaji. Wengi hupunguza kazi mapema zaidi: mwenye miaka 65 na utumishi wa miaka 15 anaweza kuachia nafasi yake ijazwe, yeye akaendelea kusikiliza kesi chache. Kumfukuza ni shughuli pevu. Lazima Baraza la Wawakilishi limshitaki na Seneti imtie hatiani, na tangu nchi iundwe wameondolewa hivyo majaji 8 tu.

Kinga hiyo ina kazi yake, na Alabama iliiona. Majaji wa jimbo hilo huchaguliwa kwa kura. Frank Johnson, jaji wa shirikisho huko Alabama, hakuhitaji kura ya mtu. Aliteuliwa na Rais Eisenhower mwaka 1955, na mwaka uliofuata, katika jopo maalumu la majaji watatu, alikuwa mmoja wa wawili walioamua kwamba kuwatenga Weusi kwenye mabasi ya Montgomery, mji mkuu wa Alabama, kunavunja Katiba.

Tarehe 7 Machi 1965, polisi waliwapiga waandamanaji wa haki ya kupiga kura mjini Selma, Alabama. Johnson kwanza alisimamisha maandamano mapya mpaka asikilize ushahidi, jambo lililowaudhi waandamanaji wenyewe. Mahakamani ikaoneshwa filamu ya kipigo kile. Tarehe 17 akaruhusu safari ya kwenda Montgomery kwa barabara kuu, akieleza kwamba ukubwa wa haki ya kuandamana uendane na ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa. Amri yake iliingia hadi kwenye vipimo: pale barabara inapokuwa na njia mbili tu, wasizidi watu 300.

Alilipia. Msalaba ulichomwa uani kwake, na mwaka 1967 nyumba ya mama yake ililipuliwa kwa bomu, mama akasalimika. Gavana George Wallace, aliyesoma naye sheria chuoni, alimtukana hadharani, lakini kumhamisha au kumkata mshahara hakuweza. Johnson alikaa kwenye kiti hicho hadi 1979 alipopandishwa kwenda mahakama ya rufani, akiwa ameshaamuru magereza na hospitali za wagonjwa wa akili za Alabama zirekebishwe.