Mafuta kwenye moyo: "ni uzee tu" si jibu

"Daktari, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha moyo unasukuma vizuri, asilimia 60. Kwa hiyo huku kuhema ni uzee tu."

Wiki haipiti bila kulisikia hili kliniki, mara nyingi kwa binti aliyemleta mama yake. Mama anaitikia, huku kandambili zimemwachia alama miguuni. Nikimbonyeza ugoko kwa kidole gumba, kishimo kinabaki. Usiku analalia mito mitatu. Huo si uzee!

Asilimia ile inapima kusukuma tu, yaani sehemu ya damu inayotolewa kwa kila pigo. Moyo una kazi nyingine: kulegea upokee damu kabla ya pigo linalofuata, na umri ukisogea hiyo ndiyo inayoanza kuharibika. Msuli unakakamaa, ventrikali ya kushoto (chumba cha chini kinachosukuma damu) inachelewa kulegea, atria (chumba cha juu yake) inajikaza kuijaza hadi inatanuka, na presha inarudi nyuma mpaka kwenye mapafu. Mtu anahema akipanda ngazi ilhali asilimia yake ni 60. Huko ni moyo kushindwa kufanya kazi, na dawa zipo, ikiwemo empagliflozini ambayo wengi wanaijua kama dawa ya kisukari.

Mafuta yanahusika hapa. Kila moyo una mafuta yaliyoulalia chini ya utando wake, bila kizuizi kati yake na msuli, tena yakitumia mishipa ileile midogo ya damu. Yakiwa ya kiasi, yanaulisha msuli na kuikinga mishipa ya korona, ile inayoupelekea moyo damu. Huongezeka kwa umri, kwa kitambi, na kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Yakizidi hutoa kemikali za kuchochea uvimbe zinazopenya moja kwa moja kwenye msuli, na pia huubana moyo ndani ya utando usiotanuka upesi. Utafiti wa magonjwa ya moyo uitwao MESA, wa Marekani, ulifuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa zaidi ya miaka 15. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa wanawake wenye mafuta mengi kuzunguka moyo, hatari ya moyo kushindwa ilikuwa karibu mara mbili. Kwa wanaume, iliongezeka kwa takriban nusu. Uzito wa mwili ulikuwa umeshazingatiwa.

Kwa hiyo ukipewa majibu ya eko usiishie kwenye asilimia. Tafuta maelezo ya jinsi ventrikali inavyolegea na ukubwa wa atria ya kushoto. Muulize mpimaji unene wa mafuta mbele ya ventrikali ya kulia. Yakizidi milimita 5, wengi wetu tunayahesabu kuwa mengi.

"Mimi mwembamba, mafuta nitayatoa wapi?" Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Miguu myembamba haikukingi kama una kitambi.

"Kolesteroli yangu ni nzuri." Kipimo hicho ni cha mafuta ya kwenye damu. Yaliyoulalia moyo hakiyaoni.

"Nakunywa maji ya moto na limau yayeyuke." Hayayeyuki. Maji hayo yanaishia tumboni.

"Moyo wa mzee upumzishwe." Hapana, hapana! Mwaka 2019 watafiti wa Denmaki walichapisha jaribio la wiki 12 kwa watu 50 wenye vitambi wasiofanya mazoezi. Waliofanya mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo walipunguza mafuta yanayougusa moyo kwa asilimia 32, na walionyanyua vyuma kwa asilimia 24. Mafuta ya nje ya utando yalipungua kwa wanyanyuaji peke yao. Ndiyo maana nawaambia wazee wangu wasitegemee kutembea tu: inuka kwenye kiti bila kujishikilia, mara kumi, pumzika, rudia, siku tatu kwa wiki.

Ila mwenye miguu iliyovimba au anayehema akiwa amelala aje kwanza, tena na dawa zote anazomeza. Hasa diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, ile ya kununua dukani bila cheti, kwa sababu huzuia chumvi na maji mwilini na kuuzidishia moyo mzigo.