Jiji halijakukataa, kichwa chako bado kinafanya kazi ya mji mdogo

Kuna sentensi naisikia sana kwenye chumba changu cha ushauri, na wanaoisema ni watu tofauti kabisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, muuguzi aliyehamishwa, baba wa miaka arobaini na kitu aliyefuata kazi, lakini maneno ni yaleyale: "huku watu hawana utu." Alafu wakishaisema hiyo wanashusha sauti wanaongeza ya pili, ambayo ndo inayowauma zaidi: "au labda mimi ndo nina tatizo."

Mimi ni mshauri wa saikolojia na kwa miaka kadhaa sasa nimekaa na watu wengi waliokulia miji midogo wakahamia jiji kubwa, na leo nataka nilielezee hili vizuri kwa sababu naona watu wanajilaumu bure. Huna tatizo, na watu wa jijini hawakuumbwa na roho mbaya. Kichwa chako kimekuja jijini na kazi yake ya zamani, ile ya mji mdogo, na bado kinaifanya kwa uaminifu kila siku.

Kazi yenyewe ni hii. Ukikulia mji mdogo, ubongo unajifunza kwamba kila uso una maana. Huyu anayepita ni mtoto wa fulani, lile gari sio la huku kwa hiyo kuna mtu kapata mgeni, mlango wa jirani mpaka saa hizi haujafunguliwa labda anaumwa. Unasoma kila kitu bila kujua kwamba unasoma, na unaweza, maana vitu vyenyewe vinahesabika. Sasa mchukue mtu huyo umuweke katikati ya jiji. Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram aliandika makala kuhusu maisha ya mijini na humo akataja hesabu ambayo huwa nawapa watu wangu siku ya kwanza kabisa: mtu aliyeko Nassau, vitongoji vya nje ya New York, ndani ya dakika 10 kwa mguu au kwa gari anaweza kukutana na watu kama 11,000, lakini akiwa katikati ya Manhattan dakika hizohizo 10 zinamfikisha kwa watu kama 220,000. Mara 20. Na kile kichwa kilichozoea kusoma kila uso hakuna aliyekiambia kipunguze, kinaendelea tu, ndo maana unarudi jioni umechoka kama uliyebeba matofali wakati siku nzima ulikuwa umekaa.

Waliokutangulia jijini walishachoka hivohivo zamani, wakajifunza kufunga. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, alilisema hili mwaka 1903, kwamba mtu wa jiji kubwa akijaribu kumjali kila anayekutana naye kama wanavyofanya watu wa mji mdogo ambako wote wanajuana, ndani atavunjika vipande vipande. Milgram naye anasimulia utafiti ambao watu waligonga milango ya wasiowajua wakisema wamepoteza anwani ya rafiki, wanaomba kupiga simu. Kule jijini kama robo tatu ya wenye nyumba walijibu kwa kupaza sauti au kuchungulia bila kufungua, na kwenye miji midogo kama robo tatu walifungua mlango. Ukiisoma haraka unaweza kusema ona sasa, watu wa jijini wabaya. Mimi naiona tofauti. Aliyeko nyuma ya ule mlango anajikinga na wingi, na kesho wewe mwenyewe utajikinga, na hautakuwa umegeuka mtu mbaya.

Hata lile jambo la kusalimia linalowaumiza wengi, umesimama kwenye lifti na mtu sentimita chache kutoka kwako na anaangalia namba za ghorofa tu. Mwanasosholojia Erving Goffman aliliandika mwaka 1963, naweza kuliita kutotazamana kwa adabu: mnatupiana jicho kidogo tu, nimekuona, alafu kila mtu anapeleka macho pengine ili mwenzake apumue. Kumbe ni heshima, ila imevaa nguo usiyoijua. Mkazi wa jiji akikukodolea macho muda mrefu hapo ndo uwe na wasiwasi.

Usingizi nao. Watu wananiambia nimekaa wiki mbili silali vizuri, nadhani nina stresi, na mimi nauliza kwanza, chumba ni kipya? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo haulali usingizi mzito kama mwenzake, unabaki kama mlinzi unasikiliza. Huo ni usiku wa kwanza tu, lakini ongeza na kelele, maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza kelele za barabarani usiku zibaki chini ya desibeli 45 na vyumba vingi vya jijini vinavyotazama barabara viko juu ya hapo. Kwa hiyo kabla hujajiita mgonjwa sogeza kitanda mbali na dirisha, weka pazia zito, tumia vizibo vya masikio, na ulale na kuamka saa zilezile. Nimeona watu wanabadilika kwa hayo tu.

(Kuhusu mwendo wa watu barabarani, ndio ni kweli wanakimbia, watafiti Marc na Helen Bornstein walipima mwaka 1976 kwenye nchi kadhaa wakakuta kadiri mji unavyokuwa na watu wengi ndivyo wanavyotembea haraka. Huna haja ya kuwaiga, kaa pembeni ya njia tembea mwendo wako.)

Sasa nifike pale ninapopajali zaidi, marafiki. Kwenye mji mdogo hukuwahi kutafuta rafiki, ulizaliwa ukawakuta. Shule ileile, njia ileile, miaka kumi. Kwa hiyo mtu anafika jijini hajui kabisa kwamba urafiki una gharama ya muda kwa sababu muda ule ulilipwa akiwa mtoto bila kuona. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 2018 alikadiria kwamba kutoka kujuana tu hadi urafiki wa kawaida inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja, rafiki kweli kama saa 90, na rafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Saa 200! Ukikutana na mtu saa mbili kwa wiki hiyo ni karibu miaka miwili. Halafu mtu ana miezi mitatu jijini ananiambia ameshindwa. Hujashindwa, hesabu haijafika.

Na hizo saa hazipatikani kwenye kukutana mara moja moja na watu wapya kila wiki, hapo ndo wengi wanapopotea, leo tamasha hili, kesho kikundi kile, watu 40 wote umewaona mara moja. Mimi nasema kinyume. Punguza. Chagua sehemu mbili au tatu, kwaya, mazoezi, darasa la jioni, maktaba, nyumba ya ibada, chochote kinachokutana siku ileile saa ileile, na uende hata siku ambayo hujisikii, hasa hiyo siku. Milgram huyohuyo mwaka 1972 aliandika kuhusu watu aliowaita wageni tunaowajua, wasafiri wa treni wanaoonana kila asubuhi kituoni kwa miaka bila kuongea. Wanafunzi wake walipiga picha za watu kituoni kisha wakawaonyesha wasafiri wa kituo hichohicho, na wengi walizitambua sura za watu ambao hawajawahi kuwapa hata salamu. Yaani kazi ya kushika nyuso inaendelea hata jijini, kwa kila mtu, ila inahitaji urudi palepale ili nyuso zijirudie. Ukipanda kila siku saa tofauti, ukakaa kila mara kiti kingine, jiji litabaki la wageni watupu.

Hili linahusu njia pia. Zima ramani ya simu angalau mara moja kwa wiki utembee mtaani kwako mpaka ujue mipaka yake, wapi panaishia, kona gani ina mti, jengo gani unaliona ukiwa mbali. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alipouliza watu wa Boston, Jersey City na Los Angeles (kazi yake ilitoka mwaka 1960) aliona kichwa kinalishika jiji kwa vitu kama hivyo, njia, mipaka, mitaa, makutano na alama. Anayefuata mshale wa simu tu anafika, lakini jiji haliingii kichwani.

Kuna jambo moja halisemwi vya kutosha. Mji mdogo unakulea kwa macho, ukirudi usiku wa manane asubuhi mama yako ameshaambiwa. Jijini macho hayo hayapo, na kwa wengine hiyo ni pumzi waliyoisubiri maisha yao yote, nawafurahia kwa dhati. Lakini wengine ndo wanagundua kwamba ulevi, madeni, au kutokula siku nzima hakuna atakayeuliza. Kwa hiyo nakuomba tafuta mtu mmoja jijini, mmoja tu, mwenye ruhusa ya kukuuliza. Familia kwenye simu ni nzuri ila haikuoni, na kama kila jioni unaimaliza kwenye simu ya nyumbani zile saa 200 hutazipata. Na ikifika wiki mbili mfululizo huzuni haiondoki, hakuna kinachokufurahisha, chakula na usingizi vimevurugika, usisubiri kuzoea, nenda kaone mtaalamu. Ukipata mawazo ya kujidhuru nenda leoleo.

Dada mmoja nilikaa naye karibu mwaka. Alikuja analia kwamba angeweza kufa chumbani na jiji lisijue. Tulikubaliana jambo dogo tu, apande basi la saa ileile, asimame upande uleule wa kituo. Mwezi wa nane aliumwa mafua akakosa siku mbili, aliporudi mzee mmoja ambaye hawajawahi kuongea akamgeukia akamwambia, "juzi na jana hukuonekana, nikajua unaumwa."